Korosho Nzuri, Lakini Haziondoki: Tafuta Tatizo Kabla ya Kushusha Bei

Wanaonijia na pakiti mkononi huwa wamekwisha kujipa jibu: "Dada, nishushe bei?" Mmoja anabangua korosho Newala, mwingine anasaga unga wa muhogo Masasi, mwingine anakamua mafuta ya ufuta Nachingwea. Wote wamekwama mahali pamoja. Bidhaa ni nzuri, nyumbani wanaila wenyewe, majirani wanaisifu, lakini sokoni inalala huku ya mwenzao inatoka. Na kwa kuwa bei ndiyo kitu pekee unachoweza kukibadilisha kwa kalamu leo leo, mkono unakimbilia huko.

Nakuomba uuzuie mkono huo wiki mbili tu. Hakuna mteja anayenunua bila kulinganisha. Usipojua anakulinganisha na nini, bei yoyote utakayopanga ni ya kubahatisha, na ukibahatisha kwa kushusha, unakula mtaji wako mwenyewe. Hapa chini nafuata dalili moja baada ya nyingine kama fundi anavyosikiliza injini. Mifano mingi ni ya korosho kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndilo zao letu huku Kusini, lakini anayeuza asali au sabuni atajiona humu.

Anza na daftari

Kwa siku chache kaa mahali bidhaa yako inapouzwa, au mpe anayekuuzia daftari. Mkiona mtu ameikaribia bidhaa, andikeni maneno yake ya kwanza. Wateja ishirini wanatosha kuanzia. Usiwahoji. Mtu akihojiwa anaingiwa na adabu, atakuambia kifungashio kizuri, hongera sana, na ataondoka bila kununua. Maneno ya kwanza yanatoka kabla adabu haijaingia.

"Mbona kidogo?" "Hizi za wapi?" "Zina chumvi?" "Yule pale anauza elfu mbili." "Hizi za kupelekea watu, eh?" Kila moja ya kauli hizi inakuonyesha mlango tofauti. Wa kwanza amekupima kwa macho na mfuko mkubwa aliouona punde. Wa mwisho ameshakuweka kwenye zawadi, na huyo bei yako pengine anaiona ndogo.

Dalili: anaishika pakiti, anaitazama, anairudisha

Hii ndiyo iliyonifundisha zaidi, nami niliisimamia kwa macho yangu pale Mnazi Mmoja, Mingoyo, njia ya Masasi inapoachana na ya Lindi na Mtwara. Basi likisimama, vijana wanakimbilia madirishani, korosho zimeinuliwa juu ya vichwa. Pakiti zangu zilikuwa za karatasi ya kaki, lebo nzuri, jina la Kiingereza, picha ya bahari, gramu 100 kwa shilingi 2,500. Pembeni yake palikuwa na mifuko myepesi inayoonyesha ndani, imefungwa kwa moto wa mshumaa, kiasi kinachokaribia hichohicho, shilingi 2,000.

Mama mmoja alinyoosha mkono dirishani akachukua yangu. Akaibonyeza kwa kidole gumba. Akaitingisha karibu na sikio. Kisha akamuuliza kijana, "Humu mna nini, mwanangu?"

"Korosho, mama."

"Mbona sizioni?"

Akairudisha, akachukua ya mfuko unaoonyesha ndani. Dereva akapiga honi, basi likaondoka.

Bei haikutajwa hata mara moja. Ningerudi nyumbani nikashusha hadi 2,000, ningepoteza shilingi 500 kwenye kila pakiti na mama yule angeendelea kutoziona korosho. Kwa hiyo ukiona dalili hii, tenganisha kwanza sababu tatu, maana kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni kwamba haoni kilichomo. Jaribio lake ni rahisi: weka pakiti mbili mezani, moja ina dirisha na nyingine haina, bei ileile, uone mkono unaenda wapi. Kama ni hili, kata dirisha kwenye kifungashio na andika KOROSHO kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni mwa basi. Jina la biashara linaweza kuwa dogo. Mtu ambaye hajakujua hana sababu ya kusoma jina lako kabla ya kujua unauza nini. Na kama unayemuuzia anaongea Kiswahili, Kiingereza kwenye lebo hakikupandishi hadhi. Kinamcheleweshea tu kujua alichoshika.

Ya pili ni kwamba anaziona lakini haoni tofauti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wauzaji wengi wa korosho wana tofauti ya kweli ambayo hawaisemi. Korosho nzima nyeupe hupangwa kwa madaraja, W180, W240, W320, W450. Herufi W ni ya weupe, na namba inaeleza takriban korosho ngapi zinaingia kwenye ratili moja, ambayo ni kama gramu 454. Namba ikipungua, korosho ni kubwa. Sasa ihamishie kwenye pakiti ya gramu 100: za W240 zinaingia kama hamsini na kitu, za W320 zinakaribia sabini. Uzito mmoja, mzani mmoja, lakini ukizimwaga kwenye sahani mbili hata mtoto ataonyesha kubwa ni zipi. Mnunuzi wa Mingoyo hatakuuliza W ngapi, na wala usimwambie. Mfungulie sahani. Jirani anayeuza kwa 2,000 mara nyingi amechanganya ndogo, nusu na zilizovunjika, na hilo si kosa, ni biashara yake. Kosa ni lako ukiziweka kubwa ndani ya mfuko uleule na kutarajia mteja akisie.

Ya tatu ndiyo ngumu kuikubali: anaiona tofauti, lakini haimhusu. Abiria anayetaka kutafuna hadi Nangurukuru hahitaji kifungashio cha kufunga na kufungua. Haijalishi zimebanguliwa na nani. Anataka za kula sasa, chenji irudi haraka, basi lisimwache. Kwa mtu huyo yule mwenye mfuko wa mshumaa amejiweka vizuri kuliko wewe, na hutamshinda kwa lebo. Hapo una njia mbili tu: tengeneza kitu cha njiani kweli, au uiache njia na uwafuate wanaobeba zawadi. Mimi niliiacha. Pakiti zilezile, zikiwa na dirisha, nilizihamishia kwenye vyumba vya wageni na kwenye maduka ambako watu wa kikazi hupita siku ya mwisho kabla hawajarudi Dar es Salaam. Hao wanalinganisha korosho na samaki wakavu, na kinyago, na kurudi mikono mitupu. Shilingi 2,500 machoni mwao si ghali hata kidogo. Swali lao la kwanza lilikuwa, "Huna kubwa zaidi?"

Dalili: duka limepokea, lakini pakiti zinazeeka kwenye rafu

Mali kauli, yaani kuacha mzigo dukani ulipwe ukishauzwa, inadanganya. Mwenye duka anapokea kwa sababu haimgharimu kitu, nawe unarudi nyumbani ukiamini umeuza. Baada ya wiki sita unakuta pakiti zilezile, vumbi juu, nyuma ya madebe ya mafuta.

Angalia kwanza zimepangwa jirani na nini. Pakiti yangu iliwahi kuwekwa kati ya karanga za shilingi 500 na biskuti. Mtoto ametumwa na elfu moja, atachukua karanga na peremende na chenji irudi. Mle dukani mshindani wangu hakuwa muuza korosho mwingine yeyote. Alikuwa karanga. Na kwa karanga korosho haiwezi kushindana kwa kilo, asikudanganye mtu, kwa sababu kilo nne hadi tano za korosho ghafi ndizo zinazokupa kilo moja ya korosho safi.

Kinachowezekana ni kushindana kwa noti. Tufanye hesabu. Tuseme umepata korosho ghafi kwa shilingi 3,000 kwa kilo, ingawa bei ya mnada inapanda na kushuka na wewe utaweka ya msimu wako. Kilo nne na nusu ni 13,500. Kubangua na kumenya ngozi, weka 3,000. Mkaa au gesi na chumvi, 800. Usafiri, 700. Kilo moja iliyokaangwa imekugharimu 18,000 kabla ya kifungashio, na hapo sijahesabu uzito unaopotea kwenye kukaanga. Pakiti ya gramu 100 ina korosho za 1,800 na kifungashio cha 250, jumla 2,050. Ukimpa mwenye duka kwa 2,500 unabaki na 450 kwa pakiti, 4,500 kwa kilo.

Sasa pakiti ya gramu 30. Korosho ni 540, kifungashio kidogo 150, jumla 690. Mpe mwenye duka kwa 850 naye auze elfu moja. Unabaki na 160. Kilo moja inatoa pakiti 33, kwa hiyo kilo hiyohiyo inakuachia 5,280. Kazi ya kufunga inaongezeka mara tatu, hilo ulijue kabla hujaahidi mzigo mkubwa. Lakini noti moja inatosha kununua, na pakiti inaning'inia kwenye kamba mbele ya kaunta badala ya kujificha nyuma ya madebe.

Jaribio: mpelekee mwenye duka mmoja pakiti kumi ndogo na kumi kubwa, rudi baada ya siku saba, hesabu. Duka moja, wiki moja, inatosha kukuonyesha mwelekeo. Na mwombe akulipe taslimu kwa zile ndogo hata kwa punguzo la shilingi hamsini. Aliyetoa hela yake mfukoni atahakikisha zinaonekana.

Dalili: kila mtu anasifu, hakuna anayerudi

Kabla hujaanza kufikiria soko, fungua pakiti zako mwenyewe. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimewahi kupoteza msimu mzima nikibadilisha lebo wakati tatizo lilikuwa mdomoni mwa mteja. Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta. Zikikaa kwenye joto, mwanga na hewa, mafuta yale yanaharibika na korosho inapata harufu ya mafuta yaliyokaa. Na huku pwani unyevu unaingia haraka, korosho iliyokuwa ikikatika kwa mlio inakuwa laini kama njugu ya kuchemsha. Kifungashio chenye dirisha nilichokisifu hapo juu kina hatari yake: dirisha linaingiza mwanga. Liwe dogo, na mwambie muuzaji asizianike juani.

Kwa kila mzigo ninaokaanga naweka pembeni pakiti sita. Nafungua moja kila baada ya wiki mbili, naandika tarehe na hali yake. Pakiti ya nne ikilainika, najua mzigo ule hauvuki wiki ya nane na tarehe ya mwisho naipanga kabla ya hapo. Aliyeonja nzuri mwezi wa kwanza akaonja laini mwezi wa pili hatakupigia simu kulalamika. Atanunua kwa mwingine, basi.

Kama ladha iko sawa na bado hawarudi, basi waulize wako wapi. Mgeni aliyebeba zawadi amekwenda zake Dodoma au Mwanza. Anataka tena, lakini hajui akupate wapi, kwa hiyo ananunua zozote zilizo karibu naye. Huyo hajakimbia, amepotezwa. Weka namba ya simu upande wa mbele wa pakiti, si nyuma chini ya viungo, na maneno machache: "Tunatuma kwa basi popote." Kisha uwe na bei ya kilo moja, nusu kilo na robo iliyoandikwa tayari, gharama ya kutuma ikiwemo, ili akipiga apate jibu bila kusubiri.

Dalili: wenyeji hawanunui kabisa

Kuna dada Mtwara mjini aliyenunua mashine ndogo ya kukaanga na kufungua meza nzuri Oktoba, msimu unapoanza. Hadi Desemba alikuwa amevunjika moyo. Wageni wawili watatu, wenyeji hakuna. Alidhani ameshindwa na wauzaji wa sokoni.

Nilimuuliza, watu wa mtaa wake korosho wanapata wapi? Akacheka akasema, "Kwa bibi zao." Ndiyo hivyo. Mkazi wa Mtwara ana bibi Tandahimba, ana mjomba Nanyamba, na msimu ukifika anapokea korosho kwenye kiroba bila kulipa hata senti. Mshindani wa dada yule hana duka, hana lebo, na bei yake ni bure. Anayeuza unga wa muhogo yuko palepale: hashindani na pakiti nyingine ya unga wa muhogo, anashindana na sembe dukani na makopa, muhogo mkavu unaotoka shamba la familia.

Ukishamtaja mshindani wa aina hii, njia inaonekana. Bibi anatoa korosho, lakini kuna kazi ambayo hakufanyii: kubangua kunachafua mikono, maji ya ganda yanaunguza ngozi, na moshi wake nyumba ya kupanga haivumilii. Dada yule aliacha kuuzia mtaa korosho, akaanza kuwakaangia zile walizoletewa, kwa malipo ya kilo. Korosho zake mwenyewe akazipeleka kwa wageni. Meza ni ileile.

Hapa nitoe tahadhari. Kabla hujasema una tatizo la namna wateja wanavyokulinganisha sokoni, tazama kalenda. Nanenane pale Ngongo, Lindi, utauza sana na baada yake utaona kimya. Kimya hicho si ugonjwa, ni watu wamerudi makwao. Linganisha Septemba na Septemba ya mwaka uliopita, usiilinganishe na wiki ya maonyesho.

Dalili: jirani amekuiga kila kitu

Ulianza na karatasi ya kaki, naye kaki. Uliandika "Korosho Tamu za Asili," naye kaandika "Korosho Asilia Tamu." Mteja ananunua kwake akidhani ni wewe. Inauma, najua.

Jiulize kwa ukweli: nilichokiita tofauti yangu, mtu mwenye laki mbili anaweza kukipata kwa wiki moja? Karatasi, rangi na maneno ya "asili," "tamu," "bora," "za Mtwara" vinapatikana kwa wiki moja. Hata jina la mkoa si lako peke yako, tuko wengi. Maneno hayo hayamwambii mteja chochote kwa sababu hakuna anayeandika "korosho mbaya."

Visivyoigwa haraka ni vile vilivyokuchukua muda. Kikundi cha akina mama wanaokubangulia kwa miaka na ambao korosho zao hazivunjiki. Tarehe ya kukaangwa iliyogongwa kwa muhuri kwenye kila pakiti, ambayo jirani anayenunua jumla hawezi kuiandika kwa sababu haijui. Ahadi unayoitimiza: ukiikuta laini, nirudishie nikupe mbili. Mwigaji anaweza kuichapa ahadi hiyo, lakini ikimfika mara tatu ataifuta.

Upande wa sheria, watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ni hatua nzuri na si ghali, lakini hakuilindi nembo yako kwenye pakiti. Nembo na jina la bidhaa vinalindwa kwa usajili wa alama ya biashara, maombi mengine kabisa, hukohuko BRELA kwa upande wa Tanzania Bara. Usajili huo hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuishwa kila miaka 10. Ukiomba, peleka jina lenye sura yake. "Korosho Bora" ni maelezo, na maelezo ni ya kila mtu.

Na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania? Itafute. Barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, inamsaidia mjasiriamali mdogo kuanza. Ila elewa inafanya kazi gani mahali gani. Mtaani, ambapo wengi hawana, alama hiyo inakutofautisha. Kwenye duka kubwa la kujihudumia, kila pakiti rafuni inayo pamoja na msimbo wa mistari, kwa hiyo imekufungulia mlango tu. Ukishaingia bado unahitaji sababu ya kuchaguliwa.

Dalili: mwenye mtaji mkubwa ameshusha bei

Rudi kwenye hesabu yetu. Gharama 2,050, unauza 2,500, unabaki na 450. Yeye ameshusha hadi 2,200. Ukimfuata unabaki na 150. Ili upate kilekile ulichopata kwa pakiti 100, sasa lazima uuze 300. Una mikono ya kufunga pakiti 300? Una mtaji wa korosho za pakiti 300? Kama huna, umejibu swali.

Mkubwa ana nguvu kwa wingi na kwa kufanana. Udhaifu wake uko palepale. Hatafungua oveni kwa ajili ya kilo mbili za pilipili na ndimu anazotaka mwenye harusi Ijumaa. Hatachapa majina ya bwana na bibi kwenye pakiti themanini. Hataleta vipande vibichi kilo tano kwa mama anayetengeneza kashata, tena kila Jumatatu asubuhi.

Hili la vipande nalisisitiza. Wabanguaji wadogo wanavunja korosho nyingi, na wengi wanaziona zilizovunjika kama hasara ya kutupwa kwa bei chee. Lakini mwoka keki, mtengeneza kashata na anayesaga kwa juisi watazivunja hata ukiwapa nzima. Kwao kipande hakina aibu yoyote. Wanataka kisiwe na ganda, kisiwe kimeungua, na kije siku waliyokubaliana. Usiwauzie "korosho daraja la mwisho." Wauzie korosho za jikoni, kwa kilo, mfuko wazi, bila lebo ya kupendeza wasiyoihitaji. Kuna kikundi ninachokifahamu ambacho faida yake ya uhakika kila mwezi inatoka hapo, si kwenye zile kubwa wanazojivunia.

Dalili: hakuna anayeweza kueleza unauza nini

Mezani kuna korosho, asali, mafuta ya nazi, sabuni, unga wa ubuyu na vitenge. Naelewa kwa nini, kila kimoja kinaleta kidogo. Lakini anayetaka kukuelekeza kwa mwenzake atasema nini? "Nenda kwa yule dada mwenye vitu vingi"? Vitu vingi viko kila kona. Chagua kimoja kiwe mlango, kiandikwe peke yake juu ya meza, vingine vikae ndani vikisubiri aliyeingia.

Jaribio: mweleze mpwa wako kwa sentensi moja unamuuzia nani, badala ya kitu gani, na kwa sababu ipi anayoweza kuiona kwa macho. Yangu ni hii: "Kwa anayerudi safari kutoka Mtwara na hataki kurudi mikono mitupu, korosho kubwa zilizokaangwa wiki hii, tarehe iko kwenye pakiti." Mwache siku mbili, kisha mwulize unauza nini. Akikumbuka nusu tu, nusu hiyo ndiyo uiandike kwenye lebo.

Kujua kama tiba imeshika

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha dirisha, bei na duka wiki moja, mauzo yakipanda hutajua kilichoyapandisha, na yakishuka hutajua cha kurudisha. Wiki mbili kwa kila badiliko, mahali palepale, muuzaji yuleyule.

Kisha fungua daftari upya na uandike maneno ya kwanza ya wateja ishirini wengine. Usihesabu mauzo peke yake, yanayumba na mishahara na mvua. Tazama kama maswali yamegeuka. Mwanzoni yangu yalikuwa "humu mna nini" na "mbona kidogo." Baada ya dirisha na kuhama Mingoyo, wengi wakawa wanauliza "zinakaa muda gani?" na "unatuma Dodoma?" Hayo ni maswali ya mtu aliyekwisha kuamua. Ukikuta bado wanauliza "mbona ghali," waulize kwa upole, "Kuliko ipi?" Jina watakalotaja liandike, nenda kainunue hiyo bidhaa, ipeleke nyumbani na uiweke sahani kwa sahani na yako.